Pumzi ya Taifa na Mapipa Sita ya Unyevu

Wanaosema nchi ya Shwarini haipo hawajawahi kupanga foleni ndani yake. Ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na saba, ina mvua ambayo hairuhusiwi kunyesha siku za gwaride, na ina Mkuu wa Utulivu, ambaye ameshinda kila uchaguzi, ukiwemo mmoja uliofanyika nchi jirani. Watu wake ni wapole mno. Hufundishwa upole tangu chekechea, na wanaosahau hukumbushwa na askari.

Habari hii ilianza siku Mkuu wa Utulivu aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo. Huko alikaa meza moja na wakuu wenzake, na baada ya chakula kila mmoja akatoa mfukoni sigara nene ya nchi yake, zile zinazosokotwa kwa jani zima la tumbaku, unene wa kidole gumba na urefu wa kalamu. Mkuu wa Utulivu naye akapapasa mifuko, akatoa leso. Wenzake hawakumcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wiki moja baada ya ndege yake kutua, mashamba ya maharage ya mkoa mzima yaling'olewa, ikapandwa tumbaku. Tumbaku ikataka maji. Bomba lililokuwa likipeleka maji mtaa wa Machimboni likageuziwa shambani, na wakazi wa Machimboni wakatumiwa barua ya pongezi kwa mchango wao. Ilikuwa barua nzuri, yenye mhuri wa rangi mbili. Haikufaa kupikia ugali wala kuogeshea mtoto, lakini ilipendeza ukutani.

Sigara ilipotoka kiwandani ikaitwa Pumzi ya Taifa. Nchi nzima ikatangaziwa kwamba sasa inapumua.

*

Bi Mashavu binti Haidari alikuwa mjane wa mpiga tarumbeta. Marehemu mumewe alimpigia Mkuu wa Utulivu tarumbeta kwa miaka ishirini na miwili, uwanja wa ndege kumsindikiza na uwanja wa ndege kumpokea, mpaka siku moja moyo ukamsimama katikati ya wimbo wa taifa, ubeti wa kumi na nne. Serikali ilisikitika sana, hasa kwa beti tatu zilizobaki. Ikamfariji mjane kwa kumpa leseni ya Wakala Halali wa Pumzi ya Taifa, mtaa wa Machimboni.

Mawakala halali walikuwa kumi na wanne tu nchi nzima. Mtu mwingine yeyote aliyeshika sigara ile kwa nia ya kuiuza alikuwa mhalifu.

Mashavu hakuomba leseni. Alikuwa mwanamke wa haya, mwenye sauti inayotosha jikoni na si zaidi. Afisa akipita barabarani akikohoa tu, yeye hujibu "Abee." Lakini zawadi ya serikali ya Shwarini hairudishwi, aliyewahi kurudisha cherehani alitafutwa na helikopta. Basi akafungua duka.

Duka lenyewe lilijengwa kitaalamu. Wataalamu walieleza kwamba sigara nene ina maringo kama bibi harusi: hewa ikiwa kavu, inapasuka, na Pumzi ya Taifa ikipasuka mdomoni mwa mteja ni aina ndogo ya uhaini. Kwa hiyo kila duka halali lilipewa chumba cha unyevu, chenye rafu za mbao na mapipa sita ya maji yaliyo wazi, na kila asubuhi boza la maji likaja kuyajaza. Kisheria maji yale hayakuitwa maji. Yaliitwa Unyevu. Mwenye kuunywa, kuupikia au kuufulia: miaka mitatu.

Na nje ya mlango, akina mama wa Machimboni wakapita na ndoo tupu kichwani, wakielekea kwenye dimbwi la kijani la machimbo ya zamani, mwendo wa saa moja na nusu kwenda.

*

Hapa inafaa tueleze jinsi sigara inavyofika dukani, maana wageni hudhani ni jambo la kificho, na sisi hatuna cha kuficha.

Makasha arobaini ya duka la Machimboni hutoka kiwandani kila wiki. Kwanza hupita Kamati ya Kunusa, inayobakiza makasha kumi kama sampuli. Kisha Kamati ya Kuthibitisha Kunusa, sampuli kumi. Kisha Kamati ya Maadili, ambayo hukagua kama kuna sigara iliyonenepa kwa dharau, sampuli kumi. Mwisho Kamati ya Kuhakiki Kwamba Kamati Hazikuzidisha Sampuli. Nayo pia hubakiza kumi.

Lori hufika Machimboni kila Jumatatu. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Saini hapa. Makasha arobaini, yamefika salama."

"Marahaba baba. Lakini makasha yenyewe sijayaona."

"Hayo hapo, mama. Mstari wa tatu."

"Na hayo yaliyo kwenye lori?"

"Aa, hayo ni sampuli. Hayahusiani kabisa na hayo."

Mashavu alisaini. Lori likavuka barabara, likasimama kwenye mwavuli mkubwa wenye viraka, likashusha makasha arobaini, kila moja likiwa na maandishi makubwa ubavuni: WAKALA HALALI, MACHIMBONI.

Chini ya mwavuli ule aliketi Msabaha, fundi viatu wa zamani, mtu mwenye tumbo linaloanza kucheka kabla ya mdomo. Yeye ndiye aliyekuwa mhalifu rasmi wa mtaa. Kila Ijumaa saa nne alikamatwa, akakaa kituoni mpaka saa sita akinywa chai na askari, kisha akaachiwa na kupewa hati ya kukamatwa. Hati zote alizitundika kwenye mbavu za mwavuli, nyuma ya makasha.

"Dada Mashavu!" aliita. "Leo umeuza ngapi?"

"Sijauza, kaka Msabaha."

"Basi wewe ndiye mtiifu. Halali haiuzi. Ukianza kuuza utakuwa mhuni kama mimi."

"Usinicheke, kaka. Mimi nina hofu."

"Hofu ya nini, na wewe una leseni? Mimi ndiye niogope. Ebu nitazame." Akajigeuza huku na huku kwenye kiti. "Naogopa mpaka nanenepa."

Jumanne alikuja Mkaguzi Mkuu wa Unyevu, Bwana Fikirini Mapande, mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Alibeba kipima unyevu ndani ya mkoba wa ngozi. Aliingia chumbani, akakiinua kifaa mbele ya rafu tupu, akafumba macho.

"Asilimia sabini," alisema. "Hongera. Sigara zako zingekuwepo, zingestarehe sana."

"Bwana Mkaguzi, nilitaka kuuliza... hazijafika, miezi kumi na moja sasa."

"Zimefika. Umesaini."

"Ndiyo, bwana, lakini..."

"Bi Mashavu. Mimi ni wa unyevu. Mambo ya sigara yana watu wake." Akafunga mkoba, akavuka barabara, akanunua mbili kwa Msabaha.

Maji pekee ndiyo hayakuwahi kupotea njiani. Hakuna kamati iliyoona namna ya kuyavuta, na boza lilikuwa la shemeji wa Waziri wa Pumzi, aliyelipwa kwa safari. Kwa hiyo mapipa sita yalijazwa kila asubuhi ya Mungu, yakabaki pale yakistarehesha rafu.

*

Siku moja adhuhuri aliingia Mama Tumu, jirani wa nyumba ya tatu, amembeba binti yake wa miezi minane mgongoni. Mtoto hakulia. Kichwa kilikuwa kimelala upande kama ua lililokatwa, na midomo imepasuka.

"Dada, sikuja kununua."

"Hakuna cha kununua, mama. Kaa."

"Ni tumbo. Siku ya nne. Daktari kasema nimpe maji safi, mengi, yaliyochemshwa. Nikamwambia daktari nichoree hayo maji nikayatafute." Alicheka kidogo, kisha akaacha ghafla. Macho yake yakaenda kwenye mlango wa chumba cha unyevu, ambako kulisikika tone likidondoka. Hakuomba. Alitazama tu.

Mashavu aliijua ile miaka mitatu. Aliwahi kuisoma sheria mara saba, kwa hofu ya kuivunja bila kujua. Alisimama, akachukua kopo, akaingia, akachota. Kwa haraka robo nzima ikamwagika, na hiyo robo ilikuwa kosa. Iliyoingia kwenye dumu la Mama Tumu ilikuwa kosa kubwa zaidi. Akachota tena.

Siku ya tatu mtoto alilia kwa nguvu, na mtaa mzima ukafurahi kumsikia. Siku ya nne alikuja jirani wa pili. Wiki haijaisha, walikuwa ishirini.

Ilibidi pawe na utaratibu. Sheria ya Pumzi ilimtaka kila mteja akiingia aseme kwa sauti, "Naomba Pumzi ya Taifa," naye wakala ajibu, "Pumua kwa kiasi." Basi akina mama wakasema. Vikongwe waliokuwa hawajawahi kugusa hata ugoro walisimama mlangoni na kuomba Pumzi ya Taifa kwa sauti ya kusikika ng'ambo, wakaingia na ndoo, wakatoka na ndoo ileile imefunikwa kanga, shingo zimekakamaa kwa uzito.

Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wenye viraka, Bwana Fikirini aliacha kuvuta.

"Msabaha. Wale wanawake wanatoka na nini?"

Msabaha alitazama. Tumbo likaanza kutikisika, akalishika kwa mikono miwili.

"Sigara, bwana mkubwa. Wateja wa jumla wale."

"Wanabeba kwa ndoo?"

"Kifua cha machimbo hicho. Moja moja haziwatoshi."

Fikirini akatoa daftari. Kwa siku kumi na mbili alikaa pale akiandika kila ndoo. Aliandika pia, kwa heshima, kwamba wateja wa Machimboni huenda kuvutia nyumbani, mlango umefungwa, na kwamba moshi unaoonekana juu ya paa zao jioni ni mwingi kuliko zamani. Huo ulikuwa moshi wa kuchemshia maji.

*

Gazeti la Utulivu Leo lilitoka na kichwa cha habari ukurasa mzima: MACHIMBONI YAONGOZA DUNIA KWA PUMZI. Chini yake kulikuwa na hesabu. Bibi mmoja wa Machimboni huvuta ndoo mbili kwa siku. Maadui wa nchi waliodai kwamba mtaa ule una kiu waliombwa waone haya. Na ili kuwakomesha kabisa, Waziri wa Pumzi mwenyewe angefika Jumamosi kumvisha Bi Mashavu nishani ya Wakala Bora, na kuvuta sigara moja kutoka rafuni kwake mbele ya televisheni ya taifa.

Mashavu alisoma, akakaa chini sakafuni. Mama Tumu alimkuta hapohapo.

"Tutaacha kuja," alisema Mama Tumu.

"Mkiacha, wataniuliza wateja wamekwenda wapi. Mkija, wataona ndoo."

"Basi tufe tu, iwe rahisi."

"Usiseme hivyo na mtoto mgongoni." Mashavu alifikiri. "Chukueni yote ya Ijumaa. Jazeni kila kitu mlicho nacho, mfunike, mfunge milango. Jumamosi boza likishajaza mapipa, asiingie mtu. Mje kushangilia tu, mikono mitupu. Wakiondoka, tutaona."

"Na sigara ya kuvuta Waziri?"

Hilo Mashavu alilipeleka ng'ambo ya barabara. Alisimama mbele ya mwavuli akisokota ncha ya kanga.

"Kaka Msabaha, naomba uniazime makasha."

"Kuazima?" Msabaha alionyesha maandishi ubavuni mwa kasha. "Nani amesaini haya? Chukua yako, dada. Chukua yote."

"Lakini yamekaa juani muda mrefu."

"Wateja wangu wana meno, hawana kipima unyevu. Hakuna aliyelalamika." Kisha akaacha mzaha. "Dada, likiharibika, sema ni mimi. Mimi nimezoea. Nakaa saa mbili, nakunywa chai, narudi."

"Wewe ni mhalifu, watakuachia," alisema Mashavu kwa upole. "Mimi ni halali. Mimi nitafungwa."

*

Jumamosi Machimboni ilipambwa kwa karatasi za rangi, toka nguzo hadi nguzo na toka rafu hadi rafu. Mapipa sita yalijazwa mpaka ukingoni, yakafunikwa, yakapigwa lakiri ya serikali, na askari mwenye bunduki akasimamishwa mbele yake, kwa sababu kiongozi alikuwa anakuja na unyevu ungeweza kushambuliwa.

Waziri wa Pumzi alikuwa na jina refu kiasi kwamba lilisomwa na watu wawili kwa zamu. Alivaa joho jeupe la sherehe lenye mashada ya nyuzi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha unyevu, kamera zikimtazama, na akina mama wakiwa nje ya kamba.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Maadui wanasema Machimboni hakuna maji. Mimi nawauliza: mtu anayevuta ndoo mbili kwa siku, nafasi ya kunywa anaipata wapi?"

Wapiga makofi waliokuja na basi la Wizara wakapiga makofi.

"Maji yanakwenda wapi siku zote? Chini! Moshi unakwenda wapi? Juu! Sasa ninyi mnataka kwenda wapi?"

"Juuu!" wakaitika wa basi la Wizara.

"Hao wanaolilia maji wanataka kuturudisha chini. Hawatatuweza!"

Akachukua sigara kutoka kasha la kwanza. Ikalia kati ya vidole vyake kama kijiti kikavu. Bwana Fikirini alisikia mlio ule, akabadilika rangi, lakini kiberiti kilikwisha washwa. Waziri akavuta kwa nguvu, kama mtu anayevutia nchi nzima. Sigara ikapasuka. Cheche zikaruka juu zikapata karatasi za rangi, zikaruka chini zikapata mashada ya joho, na kufumba na kufumbua Waziri wa Pumzi alikuwa anawaka mgongoni.

"Maji!" alipiga kelele.

Bwana Fikirini alirukia mapipa na kuyakingia kwa mikono yote miwili. "Msiguse! Huu ni Unyevu! Kuubadili matumizi kuna Fomu Namba Tisa!"

"Ilete basi!"

Fomu ililetwa. Ilihitaji saini ya Waziri. Waziri alizunguka kama pia, kalamu mkononi, huku Fikirini akimfuata na ubao wa kuandikia: "Hapa, mheshimiwa, penye msalaba. Na hapa tena, nakala ya pili." Askari alitazama sheria, akatazama moto, akabana bunduki yake kifuani. Wa basi la Wizara walikuwa wamekwisha rudi kwenye basi. Moto ulipanda rafu ya pili, na nyuma ya ukuta ule wa mbao zilianza nyumba za Machimboni, zimebanana, nyingi zikiwa na watoto ndani.

Mashavu alikuwa amesimama kwenye kamba. Alizijua ndoo zote: zilipo, zimefunikwa kanga gani. Alijua pia kwamba kila ndoo itakayotokeza ni miaka mitatu inayotembea kwa miguu yake. Mwanamke yule ambaye sauti yake haikuwahi kuvuka kizingiti akaita mpaka mishipa ikamsimama shingoni:

"Mama Tumu! Leteni maji!"

Mama Tumu alimkazia macho. "Maji gani, dada? Sisi hatuna maji."

"Leteni tu. Mtu anaungua."

"Yule si mtu, yule ni Waziri!"

"Anaungua kama mtu," alisema Mashavu.

Wakaenda mbio. Wakarudi na ndoo kumi na moja, wakammwagia Waziri tatu na moto nane, na moto ukazimika kabla haujamaliza ukuta.

Waziri alisimama akitiririka, joho limemgandama, nyusi moja haipo. Alilamba midomo yake taratibu.

"Haya ni maji," alisema. "Yametoka wapi?"

Ndoo tupu zilikuwa zimepangwa chini. Bwana Fikirini akaanza kuzihesabu kwa kidole, na kadiri alivyohesabu ndivyo uso wake ulivyoelewa, kwa kuchelewa, siku kumi na mbili za kazi yake. Mama Tumu alifumbua mdomo. Mashavu akamwahi.

"Ni mimi," alisema, na sauti ilikuwa imerudi kuwa ndogo. "Ndoo ni za duka. Niliwatuma. Wao hawajui yalikotoka."

Waziri alifikiri. Kuokolewa na wahalifu kumi na wawili ilikuwa fedheha. Kuokolewa na mmoja, ilivumilika.

"Mkamateni huyu," alisema. "Na mwandike kwamba nimemwagiwa mali ya serikali."

*

Kesi ilikuwa fupi. Mashavu alishtakiwa kwa kuiba Unyevu na kwa kumlowesha Waziri bila kibali. Kielelezo cha upande wa mashtaka kilikuwa joho la Waziri, lililoletwa mahakamani limekunjwa vizuri. Hakimu aliligusa.

"Naona kitambaa kikavu."

"Mheshimiwa hakimu, siku ile kilikuwa kimelowa chepechepe."

"Siku ile sikuwepo. Mahakama inahukumu kilichopo mezani. Unyevu ulioibwa uko wapi?"

Mwendesha mashtaka aliomba joho limwagiwe maji upya. Hakimu, mtu wa haki, alisema haitoshi: kielelezo kirudishwe katika hali yake kamili, yaani Waziri akiwa ndani. Waziri akaandikiwa barua. Waziri akajibu kwamba ratiba yake ya mwaka huu haina nafasi ya kuloweshwa. Kesi ikaahirishwa mpaka Waziri atakapopata nafasi, na mtuhumiwa akarudishwa mahabusu kusubiri.

Ijumaa saa nne Msabaha alikamatwa kama kawaida, akaomba akae chumba kilicho jirani na cha Mashavu. Alipitisha kikombe cha chai kwenye nondo.

"Kunywa, dada. Wote hawajambo. Mtoto wa Mama Tumu ameota jino."

"Alhamdulillahi. Na maji, kaka? Wamerudi dimbwini?"

Tumbo la Msabaha lilianza kutikisika. "Duka limefungwa. Limepigwa lakiri mlangoni, madirishani, hata kwenye tundu la funguo. Lakini bomba la kupokelea liko ukutani, nje. Boza linakuja kila asubuhi, linajaza, linakwenda."

"Linajaza nini? Si yamejaa?"

"Yamejaa, yanafurika, yanapita chini ya mlango, yanashuka mtaroni mpaka kwa Mama Tumu. Wanachota mchana kweupe! Bwana Fikirini alikuja na kitabu cha sheria, akakisoma kuanzia mbele na kuanzia nyuma. Unyevu ni ule ulio ndani ya pipa. Ulio mtaroni hauna kifungu. Akina mama wanamsalimia wakipita."

Mashavu alikishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa mpaka chai ikapoa.

Wizara iliona jambo hilo haliwezi kuendelea. Shemeji wa Waziri alikuwa na mkataba wa safari, na mkataba haukuweza kusimamishwa ila kwa saini ya Wakala Halali. Basi Jumatatu alikuja afisa kutoka makao makuu, mkarimu sana, na karatasi moja na kalamu.

"Bi Mashavu, tumekuhurumia. Ni kuomba radhi tu, mistari miwili. Na hapa chini unakubali kurudisha leseni na kusimamisha boza. Ukisaini, unatoka leo. Utalala kitandani kwako."

Mashavu aliisoma karatasi. Kitanda chake alikikumbuka, na shuka la maua alilokuwa amelianika siku ile. Sakafu ya mahabusu ilikuwa imemtia maumivu ya kiuno asiyoyajua zamani. Alikuwa na haya, na tangu azaliwe hajawahi kumwambia afisa hapana.

"Bwana mkubwa," alisema, akiangalia chini, "samahani sana. Naomba nipewe muda nifikirie."

"Muda gani?"

"Mimi ni mzito wa kufikiri, bwana."

Afisa alirudi wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, na msimu wa tumbaku uliofuata. Kila mara alikuta salamu nzuri, samahani nyingi, na ombi lilelile. Mwishowe alifungua faili akaandika: Mtuhumiwa bado anafikiri. Huko Shwarini hilo nalo ni kosa kubwa, ila fomu yake bado haijachapishwa.